Maji, Ua, Ukuta

Mtu akifa mikononi mwa serikali ya hapa kwetu, kitu cha kwanza kutafutwa huwa ni kisingizio kisichoweza kupandishwa kizimbani. Hola mwaka 1959 kililaumiwa maji. King'ong'o mwaka 2000 ukalaumiwa ua. Nairobi mwaka 2025 ukalaumiwa ukuta wa seli. Ukifuata taarifa za kwanza peke yake, utadhani Kenya haina askari katili hata mmoja, ina maji katili, ua katili na kuta katili.

Mimi siamini, na nadhani wewe pia huamini. Lakini kutoamini hakutoshi, kwa sababu tumekuwa hatuamini kwa zaidi ya miaka 60 na watu bado wanatolewa seli wakiwa wamefunikwa blanketi. Ninachotaka kusema hapa ni kimoja. Kipigo cha jela hakitaisha kwa tume, kwa pole wala kwa fidia. Kitaanza kupungua siku ambayo aliyepiga na aliyeamuru watasomewa mashtaka kwa majina yao, na aliyechunguza kesi hiyo awe mtu asiyevaa sare kama yao.

Wacha nianze na maji.

Tarehe 3 Machi 1959, kule Hola, Tana River, wazuiliwa wa Mau Mau waliokuwa wamekataa kazi ya lazima walitolewa kambini kwenda kuchimba mfereji. Wengi wao hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote. Walikuwa wamezuiliwa tu, basi. Haikuwa hasira ya ghafla ya askari mmoja, maana kulikuwa na mpango ulioandikwa na afisa wa magereza aitwaye John Cowan, kwamba wanaokataa kazi walazimishwe kwa nguvu. Siku hiyo watu 11 walipigwa hadi kufa, na makumi ya wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Taarifa rasmi ya kwanza ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji!

Uchunguzi wa maiti ulipofanywa, hadithi ya maji ikaisha. Bunge la Uingereza likachacha, hadi Enoch Powell, mtu wa chama tawala, akasimama Julai mwaka huo kuikosoa serikali ya chama chake. Kambi zikaanza kufungwa. Lakini kwa vile vifo 11 hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa. Ungetegemea nini, wakati miaka miwili kabla ya hapo Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni, alikuwa amemwandikia Gavana Baring kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya? Huyo ndiye aliyekuwa na kalamu ya kuamua nani ashtakiwe.

Mmoja wa waliopigwa Hola wakadhaniwa wamekufa alikuwa Wambugu wa Nyingi. Aliishi hadi akaishtaki serikali ya Uingereza mjini London, yeye na wenzake, wakiwa wazee. Juni 2013 Uingereza ilitangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa wahanga 5,228, ikasema inasikitika, lakini ikakataa kubeba lawama kisheria. Nawaheshimu wale wazee kuliko ninavyoweza kuandika. Ila angalia vizuri kilichotokea: miaka 54 baada ya Hola, aliyelipa ni mlipa kodi wa Uingereza. Mpigaji hakulipa kitu.

Sasa twende kwenye ua, na hapa hatuna mkoloni wa kumsingizia. Septemba 2000, katika jela ya King'ong'o, Nyeri, wafungwa 6 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa walikufa usiku. Wakubwa wa jela walisema walikuwa wakitoroka, wakaruka ua, wakaanguka. Miili ikasema vingine, kwamba hao watu walipigwa. Familia na watetezi wa haki hawakunyamaza, na baada ya kuvutana sana askari jela wakafikishwa Mahakama Kuu ya Nyeri. Desemba 2008 mahakama hiyo iliwatia baadhi yao hatiani kwa mauaji na kuwahukumu kifo. Rufaa bado zilikuwa mbele yao, na mimi siungi mkono kumnyonga mtu yeyote, awe mfungwa au askari. Lakini siku hiyo jambo kubwa lilifanyika. Jaji wa Kenya alikubali kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa kufa bado anaweza kuuawa kinyume cha sheria, na kwamba sare haimfanyi muuaji kuwa kitu kingine.

Kumbuka pia ilichukua miaka 8.

Halafu ukuta. Hii wewe uliiona kwenye simu yako. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyekuwa pia akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa mpaka Nairobi, akafungiwa Kituo cha Polisi cha Central. Asubuhi hakuwa hai. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na michubuko mwilini, wakasema hayo si ya mtu aliyejigonga mwenyewe. Mwezi huo huo watu 6 walishtakiwa kwa mauaji, askari 3 na raia 3, na mmoja wa hao askari ni OCS wa kituo chenyewe. Wamekana, na kesi nawaachia majaji. Ninachotaka uone ni mwendo: Hola hakuna aliyeshtakiwa kamwe, King'ong'o hukumu ilikuja baada ya miaka 8, Central mashtaka yalikuja ndani ya mwezi.

Kwa nini Central iliharakishwa? Vijana waliingia barabarani, ndiyo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haiongelewi sana, na ndiyo imenifanya niandike. Ojwang alikufa katika seli ya polisi. Polisi wana IPOA, mamlaka huru iliyoundwa na sheria ya mwaka 2011, yenye wachunguzi ambao hawali mezani pamoja na OCS. Angekufa jela ya rimandi, IPOA isingekuwa na la kufanya. Sheria yake inahusu Huduma ya Taifa ya Polisi, na askari jela si polisi. Wako chini ya Idara ya Magereza, idara nyingine kabisa. Kwa hiyo kijana akifia kituoni kuna mtu wa nje wa kuuliza maswali. Akivushwa lango la jela, anatoka katika nchi yenye IPOA anaingia katika nchi isiyokuwa nayo.

Usiseme hiyo ni tofauti ndogo ya makaratasi. Uliza Ruaraka. Desemba 2013 Martin Koome alipigwa ndani ya kituo hicho, akafa. Kituo kilikuwa na jibu tayari, kwamba aliyemuua ni mahabusu mwenzake, na huyo mahabusu akashtakiwa kwa mauaji. IPOA ilipoichunguza kesi upya, mahabusu akaachiliwa, na aliyeishia kizimbani akawa OCS mwenyewe, Nahashon Mutua. Februari 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu. Bila mtu wa nje, leo kungekuwa na masikini mmoja jela kwa mauaji asiyoyafanya, na mkubwa mmoja amepandishwa cheo. Sasa jiulize jela zetu zina akina Koome wangapi ambao faili lao liliandikwa na waliowapiga.

Mimi niko Kabazi, huku Subukia. Kijana wa hapa akishikwa na akose bondi, safari yake ni ile ya siku zote: kituo, mahakama, kisha rimandi. Hajahukumiwa. Kosa analolipia ni kutokuwa na pesa. Binamu yangu alikaa rimandi miezi 4 kwa bondi ya shilingi 30,000 ambayo ukoo mzima tulishindwa kuchanga. Sitataja ni jela gani. Siku moja tulienda kumwona tukamkuta mkono umefungwa kitambaa. Shangazi akamuuliza kulikoni. Askari aliyesimama kando akajibu kabla yake, "Aliteleza bafuni, mathe." Binamu akaangalia chini. "Ni kweli, mum. Niliteleza." Shangazi akatoa sabuni na sukari, akasema asante afande, tukarudi kwa matatu bila kuongea.

Nimeliweka hapa lile bafu ili uone ukoo wake. Ni ndugu mdogo wa maji ya Hola.

Sasa, tungefanya nini? Watu wa semina watakwambia mhanga aripoti, apate namba ya OB, ajaziwe fomu ya P3 na daktari. Sawa. Fomu ya P3 inatoka kituo cha polisi. Mtu aliye rimandi atafikaje kituoni? Akisindikizwa na askari jela. Atalala wapi usiku baada ya kuripoti? Kwa askari wale wale. Ndiyo maana "niliteleza" si uongo wa binamu yangu. Ni tafsiri sahihi ya hali aliyokuwa nayo.

Na si kwamba Kenya haina sheria. Niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwahi kuingia darasa la sheria, lakini hizi mtu anazisoma kwenye simu ndani ya matatu. Kifungu cha 25 cha Katiba kinasema uhuru dhidi ya mateso hauwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo kufungwa kwenyewe hakuziruhusu. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inampa afisa wa serikali anayetesa kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha mhanga akifa, na haimruhusu kujitetea kwamba alitumwa na mkubwa. Sehemu ya 387 ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ni ya zamani zaidi, na inasema mtu akifa mikononi mwa polisi au jela, hakimu wa karibu ataendesha uchunguzi wa kifo hicho. Haisemi akiombwa na familia, wala kelele zikizidi mtandaoni.

Kwa hiyo karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mkono wa kuzitekeleza ambao si mkono ule ule unaoshika rungu. Bunge liliona hilo, likapitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda ofisi ya kitaifa ya kuchunguza vifo vyenye utata, kisha miaka ikapita bila ofisi yenyewe kufunguliwa.

Kuna wasee watasema serikali hulipa. Inalipa nani? Watu wa Nakuru wa umri wa wazazi wangu wanalikumbuka jina la Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa hapa aliyekamatwa Februari 1987 na kupelekwa Nairobi, katika enzi za Nyayo House. Mwezi haukwisha akawa maiti. Waliopona zile seli za chini walingoja mpaka Moi akaondoka ndipo wakaenda kortini, na Julai 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba 21 kati yao walipwe fidia. Ilikuwa haki yao na ilikuja imechelewa. Lakini fidia ya serikali ni kodi, yaani ni ya mama mboga na ya mtu wa boda. Waliowafungia wale watu katika seli zenye maji hawakupandishwa kizimbani. Walistaafu, na bila shaka kuna waliozikwa kwa heshima. Mateso yakilipiwa na umma, mtesaji anafanya kazi bila gharama, na kazi isiyo na gharama haiachwi.

Najua mnachosema kwenye komenti. "Hao ni wezi, acha wachapwe." Hii kauli nimeisikia stejini, nimeisikia kanisani, na imetoka midomoni mwa watu wazuri. Nitaijibu bila kuzunguka. Kwanza, walio rimandi hawajapatikana na hatia, na kesho anaweza kuwa wewe uliyepigwa picha kwenye maandamano. Pili, hata aliyepatikana na hatia alipewa adhabu na hakimu kwa sauti, mbele ya watu. Kama ni miaka 5, ni miaka 5. Hakuna hakimu aliyesema miaka 5 na mbavu 2. Askari anayeongeza mbavu amejifanya hakimu, na hukumu yake haina rufaa.

Wengine wana hasira ya simu. Kila mmoja wetu ameshapata ile meseji ya kutapeliwa, ile pesa tuma kwa namba hii, na tunaambiana ni watu wa Kamiti. Basi wanapopigwa katika msako wa simu, tunasema safi. Mwaka 2008 video iliyorekodiwa ndani ya Kamiti ilifika kwenye runinga, ikionyesha askari wakiwapiga virungu wafungwa walio uchi wakati wa msako kama huo. Hebu tufikiri kidogo, manze. Simu haina mbawa. Haikuruka ua kuingia jela, ilipita getini, na getini kuna mtu mwenye sare na bei. Mfungwa akivunjwa mkono, hakuna anayeuliza tena nani alipokea pesa ya kuipitisha. Kipigo kinafunika hongo vizuri sana.

Hoja nzito zaidi ni ya askari wenyewe, na hiyo siibezi. Kazi yao ni mbaya. Wanaishi nyumba za kubanana, wanalinda watu wengi kuliko jela ilivyojengewa, na mwaka 2008 hiyo hiyo waligoma kwa sababu ya marupurupu, hadi serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuangalia hali ya magereza. Ninawaunga mkono wakidai nyumba na mshahara. Lakini daktari wa Kenya pia analipwa vibaya, na hatumruhusu kumpiga mgonjwa ngumi. Zaidi ya hayo, mchunguzi wa nje anamlinda askari mzuri. Leo askari anayekataa kupiga hana pa kusemea, maana akisema anasema kwa bosi aliyeagiza.

Na hapo ndipo tunapokosea hata tunapojaribu. Tukishtaki, tunashtaki wadogo. Hola ilikuwa na mpango wa Cowan, na mpango haukuandikwa na askari aliyeshika rungu. Jela ina msimamizi, ina daftari la zamu, ina ripoti ya kila asubuhi. Watu 6 hawawezi kupigwa hadi kufa bila mkubwa kusikia, na kama hakusikia basi alikuwa anasimamia nini? Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamua kutumia Sheria ya Makosa ya Kimataifa kuwashtaki maafisa wa polisi, wakiwemo wakubwa, kwa ukatili wa baada ya uchaguzi wa 2017 uliomuua mtoto Samantha Pendo wa Kisumu. Kesi yenyewe imejikokota vibaya, lakini wazo ni sahihi: aliyejua, aliyeweza kuzuia na hakuzuia, naye ana kesi. Tulipeleke jela.

Tunachodai kinatosha kuandikwa kwenye karatasi moja. Bunge liipe IPOA uwezo wa kuingia magereza, au liunde chombo kingine chenye nguvu kama zake. Afrika Kusini wana ofisi ya ukaguzi wa magereza inayoongozwa na jaji, na kila kifo cha jela lazima kiripotiwe kwake mara moja. Kwa nini yetu iripotiwe kwa msimamizi wa jela kwanza? Uchunguzi wa sehemu ya 387 ufanywe kwa kila kifo, na matokeo yasomwe hadharani. Mfungwa aonwe na daktari asiye wa jela ndani ya saa 24 baada ya kulalamika, na ahamishwe asilale karibu na aliyemlalamikia. Na familia yoyote iliyofiwa, kabla ya kukubali kuzika, idai daktari wake wa kushuhudia upasuaji. IMLU wamesaidia familia nyingi kwa hilo, na ukiangalia King'ong'o na Central, uongo wote uliishia mochari.

Sasa kampeni za 2027 zinakuja. Wataingia Kabazi kwa magari makubwa, watagawa leso na mia mbili mbili, watatuambia habari za barabara na bei ya maziwa. Chukua leso, ni pesa zako. Halafu nyoosha mkono umuulize anayetaka kuwa mbunge wako: mtu wetu akifia jela leo usiku, ni nani asiye askari jela atakayefungua faili kesho asubuhi? Akianza kuzungumza habari ya ukuta, mwambie akae chini.